Ereng na Posa ya Wenyewe

Nusu ya mageti ya Lodwar yamechomelewa na Ereng, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Mtu anayejulikana kila mlango ataingilia wapi kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, bila mji mzima kujua kabla ya jioni? Kulewa hadharani miaka yote hakukumtia haya. Kuacha ndiko kulikomtia haya. Binadamu bwana!

Lakini hakuwa na ujanja. Wazee wa Kainuk waliokuja kumposa binti yake Abigael walimkuta amelala chini kando ya kiti chake, mdomo wazi, kiatu mguu mmoja tu. Walikunywa chai, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Sasa walikuwa wamekubali kurudi baada ya wiki mbili, na Abigael alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, safari hii ukiwa umelewa, mjomba atakaa mahali pako. Nami sitakuita tena." Heri angepiga kelele. Tangu siku hiyo Ereng hakugusa tone, lakini mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushika mashine, na alijijua: peke yake hafiki mbali.

Muuguzi mmoja akamnong'oneza kwamba Kakuma, upande wa wakimbizi, kuna kikundi kinachokutana Jumamosi mchana. "Ukifika kanisa la mabati, uliza kwa Nyadak. Utaona turubai na viti vya plastiki vimepangwa duara." Kakuma! Huko nani angemjua? Jumamosi akavaa shati safi, akaenda.

Akalikuta kanisa la mabati, na kwenye ua wa nyumba ya jirani akaona turubai, akaona viti vya plastiki vimepangwa duara. Aulize nini tena? Akaingia.

"Ejok," akasalimia kwa Kiturkana.

Watu wote wakasimama. Mzee mmoja Mrundi, jina lake Onésphore, aliyevaa koti zito lisilofaa kabisa kwa jua lile, akamshika mikono yote miwili. "Karibu, karibu mkwe! Mumekawia, lakini mumefika."

Ereng akashangaa kuitwa mkwe, akajiambia labda ndivyo wanavyoitana huku. Akakalishwa kiti cha mbele. Mama mwenye nyumba akaleta chungu cha pombe ya mtama, akakiweka katikati, akapiga magoti na kumpa mrija wa kwanza.

Lo! Jasho likamtoka. Kumbe hawa watu hawana mchezo, akawaza, wanaanza na mtihani papo hapo! Harufu ilimpanda puani, mate yakamjaa kinywani. Akamfikiria Abigael, akaurudisha mrija, akasimama.

"Naitwa Ereng, natoka Lodwar," akasema. "Mimi ni mlevi. Nimeharibu posa ya binti yangu kwa pombe. Sinywi."

Ereng akangoja makofi, maana muuguzi alimwambia watu hupigiwa makofi. Badala yake mama mwenye nyumba akashika kichwa. "Yesu wangu! Na huyu ndiye waliyemchagua aje kusema?"

Hapo ndipo walipoelezana. Onésphore alikuwa akiwangoja wazee wa kijana wa Kiturkana anayetaka kumwoa binti yake Inès, na Mturkana akiingia na shati safi, nani angemdhania mwingine? Kikundi cha Nyadak kilikuwa nyuma ya ua huo. Onésphore alicheka mpaka akafuta macho. Ereng alitamani ardhi immeze. Akaomba radhi, akaaga.

Hakufika kwenye lango la ua. Wakwe wa kweli walikuwa wanaingia: kijana mwenyewe, shangazi zake wawili, na mjomba, msemaji wao, akipepesuka, ameshikiliwa kwapani. "Tumekuja... tumekuja kuchukua mtoto!" akabwata, akakaa mahali pasipo na kiti.

Hakuna aliyecheka. Inès alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango, mkono mdomoni. Ereng alimwona. Siku ile ya wazee wa Kainuk hakuuona uso wa Abigael, maana yeye alikuwa chini, amefumba macho. Leo aliuona, kwa mtoto wa mtu mwingine, na moyo ulimuuma kama umebanwa na koleo.

Akainama, akamshika mjomba mkono, akamwinua taratibu. "Mzee," akamwambia Onésphore, "shangazi za kijana wapo na wana akili timamu. Ongeeni nao. Huyu niachieni mimi."

Onésphore akauliza, "Na binti yako, wanarudi lini kumposa?"

"Bado siku kumi."

"Basi kimbia, ndugu yangu."

Mjomba alifuata bila ubishi. "Tunaenda wapi?" akauliza njiani.

"Kukaa na watu."

"Kuna kitu huko?"

"Kuna chai," Ereng akasema, ingawa hakuwa na hakika.

Nyuma ya ua Nyadak, mama mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa ameketi na watu wachache. Akawasogezea nafasi, akawauliza majina. Ereng akafungua kinywa ayaseme maneno yale yale aliyoyasema muda mfupi uliopita bila taabu, yakakwama. Akalia, mwanamume mzima, mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyemharakisha.

"Naitwa Ereng," akasema hatimaye. "Mimi ni mlevi, na leo nimeuona uso wa binti yangu. Huyu ndugu, jina lake bado sijamuuliza."