Sifuri za Midia

Driwaru alipofika ukurasa wa sita wa lile andiko, chai ilimpalia. Alikohoa mpaka Juliet, fundi mwenzake wa maabara, akaja kumpiga mgongoni na kumwuliza kama ameona jini humo kwenye kompyuta. Heri lingekuwa jini. Ilikuwa grafu, jamani, grafu tu yenye mstari mmoja mwekundu. Wiki ya kwanza mbung'o tisa, wiki ya pili saba, halafu sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, wiki sita mfululizo. Na chini yake pameandikwa: Midia, Koboko.

Sifuri zile aliziandika yeye, kwa mkono wake huu huu ulioshika kikombe.

Siku hizi mtafiti akimaliza kazi yake hangoji mwaka mzima jarida kubwa limjibu. Anaiweka mtandaoni ikiwa bado mbichi, na watu wenye ujuzi, popote walipo, wanajikusanya, wanaisoma, wanaandika hadharani kwa majina yao: hapa pazuri, hapa pana shimo. Hakuna anayelipwa. Driwaru, ambaye mchana kutwa alikuwa akipima damu na choo cha watu katika zahanati moja mjini Arua, alikuwa amejiunga na kikundi cha namna hiyo tangu miezi minane iliyopita, na kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, tusifichane. Andiko hili alilidaka mwenyewe. Aliona jina la Daktari Alionzi akafurahi kama mtu aliyeona ndugu sokoni. Akawaambia wenzake mapema, kama kanuni inavyotaka, kwamba huyu aliwahi kuwa bosi wake. Wakasema vizuri, basi wewe mahali unapajua, ongoza wewe. Uhakiki utatoka Ijumaa saa sita mchana.

Alijitolea kabla ya kulisoma lote. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Na kama hilo halitoshi, Jumatatu ijayo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba nafasi ya shahada ya pili. Miaka miwili mfululizo Driwaru ameomba, miaka miwili amekosa, kwa sababu hakuwa na mtu mzito wa kumsemea. Mwaka huu mtu mzito alipatikana. Barua ilikuwa iandikwe na nani? Na Daktari Alionzi huyo huyo.

Sasa tazama alivyobanwa. Andiko lilisema mbung'o wamekwisha Midia. Kwa hiyo vile vitambaa vidogo vya dawa, vinavyotundikwa kando ya kijito ili kuwaua, visipelekwe tena huko kuanzia Januari. Na mbung'o si inzi wa kuchezea, ndiye anayeleta malale. Mzee Mogga, mume wa shangazi yake Driwaru, aliondoka na malale. Alikuwa analala mchana na sahani mapajani, anaamka, anawatukana watu ambao hawapo, analala tena, mpaka siku ambayo hakuamka. Driwaru alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeitoa ile sahani.

Akiandika ukweli, barua imekwenda. Akinyamaza, dawa imeondoka Midia.

Miaka sita nyuma, alipomaliza sekondari, alikuwa akikaa kwa shangazi huyo, na Daktari Alionzi akampa kazi ya kuhesabu. Kando ya kijito kulikuwa na mitego minane ya kuhesabia, imeshonwa kwa kitambaa kikubwa cha buluu, ina kichupa juu cha kunasia mbung'o. Kila wiki Driwaru alishuka, akafungua vichupa, akajaza fomu. Mwisho wa wiki ya pili Daktari akaleta vitambaa vya dawa, akavitundika, akarudi Arua, na tangu hapo ikawa ni kuulizana kwa simu tu. Wiki ya tatu Driwaru alishuka akakuta nguzo nane zimesimama uchi. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta shangazi Santina kwenye cherehani, buluu imejaa sakafu nzima. Askofu alikuwa anakuja, na kwaya haikuwa na mishipi.

Angesema nini? Kwamba shangazi yake ni mwizi? Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, idadi ya mbung'o. Pasipo na mtego hapana mbung'o, si ndiyo? Akaandika sifuri. Wiki iliyofuata akaandika tena, na ya tatu mkono ulikuwa umeshazoea.

Jumatano alasiri kikundi kilikutana kwa video. Shamim, mwanatakwimu aliyekuwa Kampala, aliimwagia grafu sifa. "Sijaona mteremko safi namna hii," alisema. Driwaru akaitikia kwa kichwa. Kisha Régine akafungua kipaza sauti. Huyu alikuwa mtu wa maabara pale Ariwara, upande wa Kongo, na maneno yake hayakuwa na sukari.

"Mimi niko na swali moja. Kutoka huku mpaka Midia, mutu anatembea na baiskeli. Huku kwetu tunakamata mbung'o kila mwezi. Sasa huyu mbung'o anafika mpaka, anaogopa forodha?"

Wakacheka wote. Driwaru alicheka kuliko wote, kicheko kibaya, kikavu.

"Driwaru, wewe mahali unapajua," Shamim akasema. "Inawezekana?"

"Nitaangalia," alijibu, akazima kamera akasema mtandao unasumbua.

Usingizi ulimhama. Kazini alichanganya sampuli mbili, Juliet akaziwahi. Mara tatu alilifungua jina la Daktari kwenye simu, akalitazama, akalifunga. Alikuwa na hofu, basi, hofu ya kitoto ya kuulizwa na mkubwa "kwa nini?". Halafu akaanza kujidanganya, na hapo ndipo mtu anapotisha. Wiki sita tu. Miaka sita imepita. Labda mbung'o kweli wamekwisha. Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa kazini, akapanda gari la Koboko, na kutoka mjini akachukua bodaboda mpaka Midia.

Shangazi Santina alikuwa anamenya muhogo uani. Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili cha kambini, urithi wa marehemu Mogga aliyekuwa askari, na mjane wake hakukiacha.

"Wewe nakuja na uso ya matanga," alisema. "Nani nakufa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Nimekuja kwa ajili ya ile mishipi ya kwaya."

Kisu kilisimama. "Ile ya askofu? Ile kitu ya zamani namna gani?"

Driwaru akamweleza. Alimweleza fomu, sifuri, andiko, na watu wa mbali wanaosoma. Santina alisikiliza, kisha akarudi kwenye muhogo wake kwa hasira.

"Sikia, mtoto ya kaka yangu. Mimi najua mbung'o kushinda hiyo daktari yako. Mimi nazika bwana. Ile kitambaa ya dawa, mimi nagusa hata moja? Hapana! Kwaya ilitaka kuchukua, mimi nakataa, nasema hii ndiyo nasaidia watu. Mimi nachukua ile ya kuhesabu. Kuhesabu si kuua. Ukihesabu, ukiacha kuhesabu, mbung'o iko ile ile."

Kwa akili ya kawaida mama yule alikuwa na haki. Driwaru alitafuta maneno rahisi.

"Shangazi, ile hesabu ndiyo inasema dawa ibaki au iondoke. Mimi niliandika hakuna mbung'o. Sasa wanasema, kama hakuna mbung'o, dawa ya nini?"

"Watatoa ile ya dawa?"

"Januari."

Santina aliweka kisu chini. Aliitazama njia ya kijitoni, ambako wanawake wawili walikuwa wakipanda na madumu ya maji kichwani, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Yesu wangu," alisema mwisho. "Mimi naimba mbele ya askofu na ugonjwa ya Mogga nimefunga kwa kifua."

Akalia, tena si kilio cha adabu. Driwaru naye akalia, akamshika mabega yale makubwa, wakakaa hivyo mpaka mihogo ikaanza kubadilika rangi kwenye beseni. Kisha Santina akafuta uso kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na picha iliyokuwa ukutani. Wanawake kumi na wanane, askofu katikati, tarehe imepigwa pembeni. Mishipi ya buluu kutoka begani hadi kiunoni. Na kwenye mshipi wa Santina mwenyewe, juu ya titi la kushoto, namba iliyoandikwa kwa kalamu nzito ambayo sabuni ilishindwa kuitoa: M4. Mtego wa nne, na mwandiko ulikuwa wa Driwaru.

"Piga na simu," Santina alisema. "Weka huko kwa watu yako. Hii ingine yote funika uso, hawana makosa. Ya kwangu acha."

"Shangazi, watu watasema."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mogga alificha miezi saba. Piga picha."

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini, Driwaru alikuwa mbele ya kompyuta. Aliandika kwamba sifuri za wiki ya tatu hadi ya nane si sifuri, bali ni wiki ambazo mitego haikuwepo. Aliandika kwamba aliyezijaza ni yeye, na kwamba alijua. Akaweka picha. Akaandika jina lake kamili. Akabonyeza, kisha akakimbilia chooni kutapika.

Aliporudi, simu ilikuwa inalia. Daktari Alionzi.

"Driwaru."

"Ndiyo, Daktari."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo, Daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukupiga." Sauti yake haikupanda, na afadhali angefoka. "Miaka sita umenyamaza. Wiki hii nzima umenyamaza. Aibu yangu nimeisoma pamoja na dunia nzima, kama mpita njia. Mimi nilikuwa nakuita mwanangu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Driwaru alisema nisamehe, akasema tena.

"Barua mtafute mtu mwingine," Daktari alisema, akakata.

Ndani ya siku tatu mtu mwingine atatoka wapi? Jumatatu ilikuja, ikapita. Mtandaoni Shamim hakuandika kitu. Régine aliandika mstari mmoja: "Aksanti. Sasa naelewa." Jumatano andiko liliondolewa, na Driwaru alikaa akingoja kufukuzwa kazi, kuitwa polisi, sijui nini. Hakuitwa popote. Kungoja huko peke yake kulimkondesha.

Wiki ya tatu ujumbe ukaingia, wa maneno manne: Midia, Jumamosi, saa mbili.

Alimkuta Daktari kijitoni, suruali imekunjwa, mitego minane mipya ameshaitundika tangu jana yake. Alimjibu salamu bila kumtazama. Santina naye aliteremka, amevaa nguo yake ya kanisani, akasimama mbele ya yule mtu msomi.

"Daktari, mwizi ndiyo mimi."

"Nilikuona kwenye picha, mama," Daktari alisema. "Ulipendeza."

Santina alishindwa acheke au alie.

Wakaenda mtego hadi mtego, Daktari mbele, Driwaru nyuma na fomu. Ilikuwa fomu ile ile ya zamani, ila pembeni kimechorwa kisanduku kingine kwa kalamu: mtego upo, mtego haupo. Mtego wa kwanza upo, mbung'o hakuna. Wa pili upo, hakuna. Wa tatu hakuna. Driwaru akaanza kujiuliza: je, kama kweli wamekwisha? Kama ameharibu kila kitu bure, barua, jina, uso wa shangazi yake, kwa ajili ya sifuri za kweli? Hakuthubutu kumtazama Daktari.

Walifika wa nne. Daktari alikifungua kichupa taratibu, akakiinua kwenye mwanga, akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Alipomaliza alimpa.

"Kumi na mmoja," alisema. Kisha, akiwa bado anatazama maji, "Maombi ya mwakani yanafungwa lini?"

Driwaru aliweka alama kwenye kisanduku cha mtego upo, akakiinua kichupa, akawahesabu mwenyewe mara mbili kabla ya kuandika.