Ugonjwa Usiokuwa wa Gesi

Saa nne asubuhi mwokaji aliingia ndani ya gari la baba yake, akawasha injini, akabonyeza kitufe cha kiyoyozi na kuweka uso mbele ya matundu ya hewa. Kilichomjia kilikuwa kijipumzi cha vuguvugu, kama cha mtu anayepulizia miwani aifute. Akapandisha feni hadi namba nne. Feni ikanguruma kwa mbwembwe zote, lakini hewa ikabaki ile ile.

Ndani ya nyumba, kwenye friji, ilisimama keki ya ghorofa tatu, imepakwa krimu ya siagi na kupambwa maua yaliyomchukua siku mbili. Saa nane mchana shangazi yake alikuwa anaolewa. Kutoka pale hadi ukumbini ni mwendo wa saa nzima kwenye jua lisilo na utani, na krimu ya siagi haijui kuvumilia. Gari jingine lisingefaa. Keki ilikuwa ndefu, na ni buti la stesheni wagoni hii tu, kuukuu kama ilivyo, lililoweza kuibeba ikiwa imesimama wima.

Na huyu hakuwa shangazi wa kusalimiwa kwa simu mara mbili kwa mwaka. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa amekata keki za watoto wa ukoo mzima, akagawa vipande vyote, akabaki na kisu cha kulamba. Alipochumbiwa, akiwa na miaka hamsini na saba, watu walimuuliza anataka nini siku ya harusi. Alijibu bila kufikiri: "Keki yenye jina langu. Nyingine zote zilikuwa za watu." Mwokaji alipoyakumbuka maneno hayo alitaka kulia pale pale kwenye usukani. Badala yake akapiga honi.

Baba yake akatoka ndani, tayari amevaa shati la harusi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Gesi, na si kwa ubaya. Alitengeneza friji miaka thelathini na mbili mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakukutana na ugonjwa ambao hakuanza kwa kuushuku kuwa wa gesi. Friji haigandishi? Gesi. Inapiga kelele? Gesi. Inasemekana pasi ya jirani ilipogoma kupata moto, aliitazama kwa huruma na kuuliza ilijazwa gesi lini. Yeye mwenyewe anakana.

"Kiyoyozi hakitoi baridi, baba."

"Gesi," akasema Mzee Gesi kabla hajalifikia gari.

Akafungua boneti, akachomeka mipira ya geji yake ya kupimia gesi. Mshale ukapanda, ukatulia pale pale unapotakiwa kutulia. Akaigonga geji kwa kidole. Mshale haukubanduka.

"Geji imekufa," akatangaza, akaingia ndani kuleta ya pili. Na ya pili ikasema yale yale.

"Baba, geji zote mbili zife siku moja?"

"Zilinunuliwa pamoja."

Mwokaji akatazama saa. Ilikuwa imeshafika nne na nusu. "Baba, nakuomba, leo nisikilize. Ingekuwa friji, na gesi imejaa, ungeangalia nini?"

Mzee Gesi akaichomoa geji ya pili. Inakera kubanwa na mtoto uliyemzaa mwenyewe, tena geji zako mbili zimeshahamia upande wake. Akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na majirani: "Ningeangalia kama baridi inatengenezwa."

"Haya, tuangalie."

Akamwambia binti yake azime kiyoyozi, kisha awashe. Tak! Kompresa ikanasa na kuanza kuzunguka. Mzee akalishika bomba jembamba linaloingia ndani ya gari. Lilikuwa limetoka jasho, na baridi yake ikampanda hadi kwenye kiwiko. Macho yakamng'aa. Ghafla hakuwa tena mstaafu aliyevaa shati la harusi, alikuwa fundi.

"Baridi ipo!" akasema. "Imetengenezwa, imefungashwa, imesafirishwa. Kuna kitu kimeizuia njiani."

Akaingia ndani ya gari, akachana kipande cha karatasi ya shashi na kukishika mbele ya matundu. Feni ilikuwa inanguruma namba nne, karatasi inatikisika kivivu tu. Akatikisa kichwa kwa furaha. Akapiga magoti sehemu ya miguu ya abiria, akakibana kile kisanduku cha kuwekea karatasi za gari, kikachomoka na kumwaga kila kitu. Nyuma yake palikuwa na kifuniko cha plastiki, na nyuma ya kifuniko, chujio la hewa. Akalivuta, likagoma. Akalivuta kwa mikono miwili, likatoka kwa mpigo, na mzee akajikuta amekaa chini nje ya gari.

Mikunjo yote ya lile chujio ilikuwa imezibwa na ganda jeupe, gumu, lenye vitundu vitundu. Mzee Gesi akalikwangua kwa bisibisi. Akalinusa. Kisha akamwinulia binti yake macho.

"Unga unaubebea wapi?"

Mwokaji akageuka kutazama kiti cha abiria. Kwa miaka mitatu alikuwa anabeba magunia ya unga pale pale miguuni pa abiria, kwa sababu yakikaa nyuma yanaanguka kwenye kona. Aliona huo ni ujanja wake. Tena alikuwa hafungui madirisha, unga usije ukapeperuka, akaiacha hewa izunguke humo humo ndani. Na hewa hiyo huvutwa kutoka chini ya dashibodi, juu kidogo tu ya mdomo wa gunia. Unyevu wa mvua ukamalizia kazi ya kuukanda.

"Na hamira?" akauliza baba yake.

"Na hamira," akakiri.

"Binti yangu, umeoka mkate ndani ya gari."

Wakacheka mpaka wakashikilia milango. Mwokaji alicheka na machozi juu, kwa aibu na kwa nafuu, maana ugonjwa uliojulikana ulikuwa umeshapona nusu.

Chujio jipya halikuwapo, na muda wa kulitafuta haukuwapo pia. Mzee akamulika tochi pale chujio lilipokuwa. Ndani kabisa palikuwa pasafi, chujio lilikuwa limekufa na unga wote. "Leo tunakwenda bila chujio," akaamua. "Kesho unanunua, na unga unahama." Akarudisha kifuniko, akasogeza uso kwenye matundu awe wa kwanza kuonja kazi yake. "Washa!"

Akawasha. Unga uliopukutika wakati wa kulivuta chujio ukatoka wote kwa pamoja, ukamvaa Mzee Gesi kuanzia nyusi hadi vifungo vya shati. Nyuma ya unga ikaja baridi. Hakusogea. Alibaki amefumba macho, mweupe pe, anatabasamu.

"Baba, baridi?"

"Baridi, mwanangu. Baridi ya haki."

Mwokaji alimkumbatia vile vile alivyo, na ikabidi wote wawili wakabadili nguo.

Saa sita wakaondoka. Mzee Gesi alikaa kiti cha nyuma, amegeuka kuitazama keki, mkono mmoja kwenye ubao wake. Kila tuta alilitangaza kama utingo. Walipofika, shangazi hakusubiri kuitwa. Alitoka nje na gauni lake, jasho likimchuruzika, akafungua buti mwenyewe.

Keki ilikuwa imesimama, hata ua moja halijainamisha kichwa. Shangazi akalisoma jina lake, akalifuata kwa kidole bila kuligusa, akalisoma tena. Wahudumu walipoibeba keki kuipeleka kwenye friji ya ukumbi, aliifuata kwa macho mpaka ikaingia ndani. Kisha akazunguka, akaingia kiti cha mbele na gauni lake lote, akafunga mlango.

"Msizime," akasema. "Niacheni kwanza nilie kwenye baridi."

Bwana harusi, mjane mwenye mvi aliyemchumbia mara tatu kabla ya kukubaliwa, akaja akagonga kioo. Shangazi akakishusha kidogo.

"Wageni wameshakaa, mpenzi."

"Ningoje dakika tano."

"Mimi na kungoja basi," akasema bwana harusi. Akafungua mlango wa nyuma, akamsukuma shemeji yake, Mzee Gesi, asogee, akaingia.