Bima Inaanzia Uwanja wa Ndege

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya michikichi, Hadija alibadilisha maji ya samaki. Aliingia ziwani hadi magotini, akajaza ndoo, akairudisha uani ameikumbatia, kisha akamimina polepole pembeni mwa pipa ili samaki wasishtuke. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za watu, lakini na samaki aliongea. Aliwauliza wamelalaje. Asubuhi ile alikuwa bado yuko kwenye pipa la pili aliposikia kikohozi mlangoni mwa ua, kile kikohozi ambacho baba yake mdogo alikitanguliza kila alipokuwa na habari mbaya. Hadji Waziri alisimama pale, kanzu imejaa vumbi, viatu mkononi.

"Acha maji," alisema. "Barabara imefungwa. Jana jioni waasi wamechoma teksi mbili kule mbele. Askari wanarudisha watu wote, hata sisi wazee."

Hadija aliishusha ndoo chini. Samaki wale walitakiwa kuondoka siku hiyohiyo.

Hawakuwa samaki wa kula. Walikuwa wale wa mistari myeusi na buluu, wenye nundu kichwani, wanaokaa kina kirefu kwenye miamba, ambao Wazungu huwafuga katika nyumba za vioo. Hadji alikuwa na biashara hiyo tangu kabla ya vita. Hadija, aliyesoma Bujumbura, ndiye aliyeziweka picha zao kwenye tovuti na kuwajibu wanunuzi kila alipopata nafasi ya kwenda mjini kwenye duka la intaneti. Zamani wanunuzi walikuwa wengi. Sasa alibaki mmoja, Mjerumani, na masanduku mawili ya mwisho yalimfikia samaki wakiwa wameshakufa. Hakutukana. Aliandika kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Aliuliza: wauzaji wengine wakituma mzigo wa bei kubwa nje ya nchi huukatia bima, nyinyi mbona hamkati? Akamalizia kwamba sanduku la tatu nalo likifika limekufa, atanunua Zambia, upande mwingine wa ziwa hilohilo.

Lukeba alipoisikia barua hiyo alicheka. Yeye ndiye aliyewazamia samaki hao. Alikuwa mtu wa kabila la Wabembe wa ng'ambo, aliyevuka ziwa akikimbia vita vya kwao, akavikuta vya huku vinamngoja. "Kama mununuzi anaenda Zambia, na mimi naenda Zambia," alisema siku ile. "Samaki wakikosa mutu, mimi nakaa Rumonge nifanye nini?" Alilitamka kama mzaha, lakini Hadija aliona macho yake hayakucheka.

Sasa Lukeba alikuwa amechutama kando ya mapipa, akikagua mifuko ya nailoni ambayo wangeijaza maji na oksijeni. Alisikiliza habari ya barabara mpaka mwisho.

"Basi tupite ziwani," alisema. "Iko mota, iko mafuta. Njiani nabadilisha maji. Watafika Bujumbura wanacheza, na ndege inaondoka leo usiku."

"Ziwani wanapiga risasi," alisema Hadija. "Askari wa doria hawaulizi."

"Wanauliza, dada. Wanapiga kwanza, kisha wanauliza."

"Kuna konvoi ya askari, inasindikiza mabasi. Wanasema itaondoka mchana."

"Konvoi." Lukeba alitikisa kichwa. "Itangoja juani mpaka mukubwa wao amalize kula. Ndani ya basi ni kama ndani ya chungu. Tutamupelekea Mujerumani muchuzi."

Hadji alicheka kidogo, kisha akajikumbusha kwamba hakuna la kuchekesha. Hadija aliinama akikunja khanga yake iliyolowa. Kulikuwa na neno moja alilotaka kulisema, na kama kawaida yake likatoka jingine.

"Tuweke asiransi kwanza," alisema, akimaanisha ile bima ya Mjerumani.

"Asiransi tena," alisema Hadji. "Unataka kumuwekea Mungu dau? Mimi mzigo wangu namukabidhi mutu. Tunakula sahani moja, tunasoma fatiha, anashika amana, basi. Ukimuongezea karatasi umemwambia humuamini."

"Mimi siko Muislamu, Hadji," alisema Lukeba.

"Umekula wali wangu miaka yote hii. Inatosha."

"Mununuzi mwenyewe ameomba, baba," alisema Hadija. "Niacheni nipige simu."

Wote wawili walimtazama, maana haikuwa desturi yake kung'ang'ania. Hadji aliinua mikono, akamwacha.

Kibanda cha simu kilikuwa karibu na soko. Alimpata mtu wa ofisi ya bima huko Bujumbura, sauti ya bwana aliyeshiba usingizi. Hadija alieleza yote: samaki hai, sanduku moja la frigoliti, lile povu gumu jeupe, linakwenda Ujerumani.

"Inawezekana, madame," alisema yule bwana. "Tunaanzia uwanja wa ndege. Mzigo ukipokelewa pale, umeingia."

"Na kutoka Rumonge mpaka hapo?"

"Hiyo hapana."

"Hata kwa konvoi?"

"Hapana. Barabara haimo, ziwa halimo. Vita haimo kabisa."

Hadija aliukamata waya wa simu. "Lakini hatari iko huku. Huko kwenye ndege kuna hatari gani?"

"Ndiyo maana tunaanzia huko, madame." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya.

"Na mutu anayeuleta mzigo?"

"Mutu siyo mzigo. Unataka kuandikisha, ama hapana?"

"Murakoze," alishukuru Hadija, akakata simu.

Alirudi akipita kwenye harufu ya mawese yanayochemshwa, polepole, kana kwamba njia ingejiongeza. Angewaambia ukweli, Hadji angesema nilijua, na Lukeba angeshaisukuma mashua majini. Kufika uani alikuwa amekwisha kuutunga uongo, na yeye ambaye hata kwa ada ya shule hakuwahi kumdanganya mtu, aliutamka bila kigugumizi.

"Wamekubali. Lakini wanataka tupite kwa konvoi. Ziwani hawalipi."

"Na samaki wakifa kwa joto?" aliuliza Hadji.

"Watalipa."

Hadji alipangusa uso. Ilionekana mzigo umemshuka mabegani, pamoja na dau na Mungu na yote aliyoyasema asubuhi. "Ikiwa watalipa, basi. Lukeba, jitayarishe kwa konvoi."

Lukeba hakusimama. Alikuwa ametumbukiza mkono ndani ya pipa, na samaki mmoja mkubwa alikuwa akimnusanusa vidole.

"Kwa hiyo watalipa hata wakifa," alisema.

"Ndiyo," alisema Hadija.

"Basi hakuna tena anayehitaji wafike."

Hadija aliiokota ndoo yake.

"Hawa niliwapandisha kidogo kidogo," alisema Lukeba. "Unamutoa chini, unamufunga kwenye kitundu cha wavu, unamuacha. Kesho unamuinua kidogo, unamuacha tena. Ukiharakisha, tumbo linajaa hewa, anapinduka. Nimewaamukia kama mama muzazi. Halafu niwapike ndani ya basi ili karatasi itulipe?" Alitoa mkono majini. "Na Mujerumani?"

"Atarudishiwa pesa zake," alisema Hadija.

"Atarudishiwa. Halafu ataenda Zambia." Alimtazama, na safari hii hakujaribu hata kutabasamu. "Na mimi nitaenda."

Hapo Hadija aliona alichokifanya. Alikuwa ameuziba mlango mmoja kwa mikono yote miwili, na mtu alikuwa anatokea mlango wa pili. Akipita ziwani, risasi. Akipita barabarani, samaki wafe, na yeye aondoke. Alitafuta mlango wa tatu, hakuuona.

Lukeba alianza kufunga mifuko. Alifanya kazi haraka, bila kelele: maji, samaki, oksijeni, mpira wa kufungia. Hadji alimfuata huku na huku.

"Lukeba, nakuambia asiransi haimo ziwani."

"Basi iache ibaki nchi kavu, Hadji."

"Ukipigwa risasi nitawaambia nini watu wako?"

"Watu wangu wako wapi?" alisema Lukeba, akalinyanyua sanduku.

Waliteremka hadi ufukweni. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliangalia, wakarudi kwenye nyavu zao. Siku hizo watu walijifunza kutouliza mtu anakwenda wapi. Mbali, upande wa kaskazini, kulisikika kishindo kimoja, kisha kikanyamaza. Hadji alisoma fatiha harakaharaka, viganja wazi. Lukeba alifunika sanduku kwa magunia yaliyolowa, akafunga kitambaa cheupe kwenye ufito uliosimama nyuma ya mashua, akaisukuma. Hadija aliingia majini nyuma yake. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, na khanga ikaelea.

"Rudi, dada. Unalowa bure."

Lukeba alikuwa amekwisha kupanda, kamba ya mota mkononi.

"Hakuna asiransi," alisema Hadija.

"Unasema nini?" aliita Hadji kutoka ufukweni.

Hakugeuka kumtazama baba yake mdogo. Alishika ukingo wa mashua, na sauti yake, ambayo watu walizoea kumwomba airudie, ilisikika hadi kwa washona nyavu.

"Walikataa. Wanaanzia uwanja wa ndege. Nimewadanganya. Samaki wafe, Lukeba, mimi sikuwa nawalinda wao. Nilikuwa nakulinda wewe. Sitaki upigwe ziwani, na sitaki uende Zambia. Nakupenda, nataka ukae, na najua hapa hakuna pa kukaa."