Panya wa Kamati

"Kila mzigo unafunguliwa humu, mlango ukiwa umefungwa, panya asiponyoke," alisema mtega panya, amesimama mlangoni mwa kibanda cha ukaguzi, pale kwenye gati la kisiwa. "Hata mchele wangu mwenyewe."

Katibu wa Kamati ya Uratibu alimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Mzee, unajua unaongea na nani?"

Alijua, ndiyo shida. Miaka tisa aliwaandikia hao hao. Watu wa Kilimo wakamjibu kwamba panya ni wa kwao akila mahindi. Mazingira wakasema ni wa kwao akila mayai ya ndege. Bandari wakasema ni wa kwao akiwa bado melini. Wakati waheshimiwa wanavutana, panya wa kisiwani walikuwa wanatafuna vifaranga wa ndege wakiwa hai. Basi akatega peke yake, jabali kwa jabali, hadi ndege wakarudi kutaga. Na leo ndio waratibu wametokea, na hema, na mazulia ya kukodi, kutangaza ushindi. Loo! Nyuso kavu kama magunzi.

"Mwongozo unasema mkaguzi ni ofisa wa Bandari," alisema Katibu. "Yuko wapi?"

"Hajawahi kufika."

"Basi hakuna mkaguzi. Pitisheni mizigo."

Wapagazi wakapita. Mke wa mtega panya, ambaye ndiye huhesabu viota vya ndege, akamvuta mumewe shati. "Baba watoto, waache. Watakusweka ndani bure."

Saa nne Katibu alishika maikrofoni. "Ndugu zangu, kisiwa hiki hakina panya hata mmoja!"

Makofi yakalipuka. Mtega panya hakupiga. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya hema, mbele ya zulia moja lililobaki limeviringishwa. Mdomoni mwa zulia kulikuwa na vinyesi vyeusi, vibichi. Akatia mkono ndani kabisa, akagusa karatasi zilizotafunwa, zimefinyangwa mviringo kama kiota.

"Wamo?" mkewe alinong'ona.

"Walikuwemo. Bado pana joto."

Mama wa watu akageuka kutazama majabali. Viota mia mbili na sita, vyote chini, juu ya mawe matupu.

"Mzee wetu yuko wapi?" Katibu aliita. "Aje apokee cheti!"

Alikwenda. Cheti hakukitazama. Alichota karanga kwenye sahani ya Katibu, akatoa mtego mfukoni, akapiga magoti na kuingia chini ya meza kuu. Juu, hotuba iliendelea. Kiatu cha Katibu, kinang'aa, kilikuwa kikichezacheza kwa raha kando ya waya wa mtego.