Namba ya Mfano

Walikaa sita kwenye benchi moja, ghorofa ya pili ya jengo fulani la Pasiansi, kila mmoja na bahasha ya vyeti mapajani na macho mlangoni. Tangazo lilisema usaili utaanza saa mbili kamili. Mlango ulifunguliwa saa tano, na wa kwanza kuitwa alikuwa yule aliyefika wa mwisho. Kutafuta kazi kunamfundisha mtu adabu hata kama kwao alizaliwa nayo.

Nafasi ilikuwa moja tu, ya mtengeneza tovuti. Maulida alikuwa wa tano kwenye foleni. Alikuwa na shahada ya kompyuta na miaka mitatu ya kukaa kwa mama yake mdogo kule Igoma akisaidia kuuza vitenge. Kisiwani, huko Nansio, alikuwako mama yake mzazi, Bi Mwanabaraka, fundi cherehani, ambaye aliuza cherehani moja kati ya zake mbili ili mtoto apate laptopu. Kila Ijumaa baada ya swala mama huyo alipiga simu na kuuliza neno moja, "Tayari?" Na kila Ijumaa Maulida alijibu, "Bado, mama." Ukilitamka neno hilo miaka mitatu mfululizo linakuwa chungu mdomoni, na Maulida alikuwa ameanza kuiogopa Ijumaa.

Ndani alimkuta msaili, Nathaniel, kijana wa fulana safi na maneno ya asali. Alimwuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo, swali ambalo mtu asiyejua mwezi huu utaishaje hulijibu kwa uongo, na Maulida aliongopa vizuri. Kisha, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, aliambiwa aandike programu kwa kalamu kwenye karatasi. Mwishoni akapewa kazi ya majaribio ya wiki moja: atengeneze ukurasa wa kukodi boti za kwenda visiwani. Kampuni yenyewe ni ya kubuni, Nathaniel alisema, jina lake Boti Hima. Atakayefanya vizuri atapigiwa simu.

Chini, kwenye kibanda cha chai, wasailiwa waliulizana. Chenge, kijana wa Magu ambaye huo ulikuwa usaili wake wa kumi na moja, alikuwa amepewa ukurasa wa malipo. Mwingine alipewa ratiba, mwingine usajili wa abiria. Chenge alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Sisi sita ukituunganisha ni tovuti nzima," alisema. "Dada, hawa hawaajiri. Wanavuna."

Maulida alimsikia vizuri sana. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na jioni hiyohiyo alifungua laptopu.

Aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Akaongeza na kitu ambacho hakuna aliyekiomba: kitufe kikubwa chekundu juu ya ukurasa, kimeandikwa Dharura, Piga Hapa. Msaili wa mjini asingekiwaza. Maulida alizaliwa visiwani, anajua kwamba mgonjwa wa kule uhai wake uko mikononi mwa yeyote mwenye injini. Ili akijaribu kitufe hicho alihitaji namba ya kweli, na mtu hawezi kujipigia mwenyewe. Akaweka ya mama, namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Alipobonyeza, huko Nansio simu ikaita, na mama akapokea na kuuliza, "Tayari?"

"Bado, mama. Kuna kitu najaribu."

Akakituma kikiwa hivyohivyo. Ni namba ya mfano tu, alijiambia, wakiitaka kazi hii wataibadilisha.

Wiki tatu zilipita na simu ya Nathaniel haikuja. Siku ya Jumanne, siku ambayo haikuwa ya mama, mama alipiga. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Maulida hakuwa ameisikia tangu baba yake azikwe. Kwa nini hakumwambia kwamba amepata kazi? Wateja wa ofisi yao wanampigia tangu asubuhi, wanataka boti, na yeye amewajibu kwa heshima zote.

Maulida alifungua tovuti ya Boti Hima. Ilikuwepo, hai, na jina la kampuni ya Nathaniel chini kabisa. Ratiba, malipo, usajili, na juu ya yote kitufe chake chekundu chenye namba ya mama yake. Hakuna mtu aliyejisumbua hata kukisoma kabla ya kukichukua. Akampigia Nathaniel mara nne, hakupokea. Akamtumia ujumbe, haukujibiwa. Nathaniel alikuwa na desturi ya kutopokea simu za wasailiwa, kwa sababu wasailiwa wote huuliza jambo lilelile.

Hapo ndipo alipopaswa kumwambia mama ukweli. Tusimhukumu haraka. Mama alikuwa ameshawaambia majirani, ameshawachinjia kuku wa kusherehekea, na lile neno "bado" lilikuwa zito kulirudisha kinywani. Maulida alisema, "Samahani mama, nilitaka iwe mshangao." Akamwomba awaambie wateja watapigiwa baadaye. Bi Mwanabaraka, kwa bidii ya mtu anayemsaidia mwanawe kazini, akachukua daftari lake la vipimo vya nguo, na chini ya kiuno na mabega ya wateja wake akaanza kuandika majina ya watu wanaotaka boti. Jioni ile na iliyofuata alimsomea. Maulida alisikiliza, akasema ahsante, akaahidi kulishughulikia.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Maulida ilikuwa ya siku mbili.

Alhamisi saa saba mchana simu ya mama iliingia akiwa anakunja vitenge. Kuna baba mmoja, Luhaga, anapiga kutoka kisiwa kidogo ng'ambo ya Ukara. Mkewe Kashindye anajifungua na damu haikomi. Mkunga amesema apelekwe hospitali sasa hivi.

"Kuna mtumbwi wa wavuvi hapo unataka kuondoka," mama alisema. "Anauliza apande huo, au boti yenu inakuja?"

Maulida alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: mwambie apande mtumbwi, mama, mimi sina boti, sina ofisi, sina kazi. Aliyaona yote yamejipanga. Nyuma yao akaliona na daftari la vipimo, na majirani, na kuku.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema. "Nashughulikia."

Akampigia Nathaniel. Simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili ilikatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Hakujua boti hizo zinalala wapi wala mwenyewe ni nani, kwani namba pekee iliyokuwa kwenye tovuti nzima ilikuwa ya mama yake. Akatoka mbio, akapanda bodaboda, akamsihi dereva asiogope kitu. Kutoka Igoma mpaka Pasiansi mji wote uko katikati, na siku hiyo kila lori lilikuwa na la kushusha.

Alipanda ngazi akihema. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu sita, bahasha mapajani. Gladness, dada wa mapokezi, hakumtazama usoni.

"Kaa mwisho hapo, utaitwa," alisema. "Usaili unafuata foleni."

Maulida alimpita, akasukuma mlango. Nathaniel alikuwa akimwuliza kijana mmoja anajiona wapi miaka mitano ijayo. Maulida alisema yote kwa pumzi moja: kitufe, namba, mwanamke, damu. Lazima tumpe Nathaniel haki yake, rangi ilimtoka. Alichukua simu, akampigia mwenye boti, na kwa dakika mbili boti ikapatikana. Dakika mbili tu. Kisha akafungua laptopu, akafuta namba ya Bi Mwanabaraka na kuandika nyingine, nako hakukuchukua muda.

"Hii ungeiandika kuwa ni ya mfano," alisema taratibu. "Sisi tungejuaje?"

Simu ya Maulida ilikuwa inaita mkononi. Akatoka nayo, akasimama mbele ya benchi, na wale sita wakamtazama ili wasome usoni mwake kama maswali ni magumu.

"Mau," mama alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Yule baba amepiga. Anasema boti isije tena. Wametutoka wote wawili, mama na mtoto."

Maulida aliegemea ukuta.

"Mtumbwi ulikuwepo," mama aliendelea. "Alishamweka ndani, Mau. Mimi ndiye niliyemwambia amtoe. Nilimwambia asihangaike na mtumbwi, mwanangu yuko palepale ofisini, boti inakuja. Hakunilaumu. Ameshukuru." Maulida akasikia karatasi za daftari zikifunguliwa. "Sasa niandike nini hapa? Na wewe ulikuwepo ofisini, si ndivyo? Ulijaribu. Niambie ulikuwepo, ili nilale leo."

Msichana wa mwisho kwenye benchi alisogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa. Maulida alikaa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nipo ofisini."