Antena ya Mama Mkwe

Tangu aoe, Sponji alimwogopa mama mkwe wake kama mtoto anavyoogopa sindano. Si kwamba mama yule alikuwa mkali, hata kidogo. Ila alikuwa mtu wa maneno machache, na Sponji, fundi wa makochi aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya vipande vya sponji vilivyomganda nyweleni kila jioni, alikuwa mtu wa haya. Wakikaa sebule moja, ilikuwa kimya mpaka mmoja apate kisingizio cha kuondoka.

Mama alihamia kwao macho yake yalipoanza kufifia. Alikuja na sanduku la nguo na redio nzito ya kijivu. Ujana wake wote alikuwa karani wa telegramu, na sikio lake halijasahau Morse, ile milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi. Kusoma sasa kulimshinda, kushona ndiyo usiseme. Kilichobaki ni kuwasikiliza watu wa redio za ridhaa kwenye masafa ya chini kabisa, wanaosalimiana kwa milio hiyo kwa raha zao tu. Lakini redio ilitoa mchakacho mtupu, kama mafuta yanayochemka kikaangoni.

"Mume wangu, mama anasikiliza kelele kutwa nzima," mkewe alimwambia. "Msaidie basi."

"Mimi najua makochi."

"Jifanye hiyo redio ni kochi."

Sponji akanunua waya mrefu wa antena, akautoa dirishani na kuupitisha ua mzima, juu ya kamba ya kuanikia nguo. Alirudi ndani jasho likimtoka. Mama aliweka sikio kwenye spika, akakunja uso.

"Sasa nasikia friji ya jirani, taa za jirani, na chaja ya simu yako, mwanangu."

Sponji akaangua kicheko kabla hajakizuia. Akajiziba mdomo. Kumbe mama naye anacheka.

"Waya mrefu unataka uwanja mpana," alieleza. "Hapa katikati ya nyumba za watu unazoa kila uchafu wa umeme."

"Dukani nimeona kijiti kifupi chenye kikuza sauti chake, mama."

"Hicho nacho kinataka kusimama juu, mbali na kuta. Tukikiweka hapa kitatukuzia kelele zilezile. Sisi tunataka kitanzi."

"Kitanzi, mama?"

"Si cha kujinyongea, toa hofu! Waya unaozungushwa mara nyingi kwenye fremu ya mbao. Kinasikia pande mbili, na pande mbili nyingine ni kiziwi. Tukiuelekeza ule uziwi wake kwenye kelele, tumemaliza."

Fremu ya mbao! Hapo sasa wamefika nyumbani kwake. Sponji alichagua mbao nyepesi zilizobaki kwenye kochi la mteja, akaziunga msalaba, akazipiga msasa mpaka zikawa laini, maana mikono ya mama ndiyo ingekuwa macho.

Walikaa mkekani kuzungusha waya. Yeye aligeuza fremu, mama akalaza waya kwa vidole, mzunguko kando ya mzunguko, bila kupandana. Vidole vyao vilipogusana Sponji akavivuta vyake haraka.

"Mkono wangu haung'ati," mama alisema. Kisha, bila kuacha kazi, "Mwanangu, nikuulize. Nilikukosea nini?"

"Wewe, mama? Hapana!"

"Mbona nikiingia unatoka? Nimejisemea, huyu kijana hanipendi, basi nisimsumbue kwa maneno."

Fremu ikasimama. "Mimi nilidhani hukunitaka. Nilidhani ulitamani binti yako apate mtu wa ofisini."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

Mama alipapasa hewani mpaka akalipata bega lake, akaliminya. "Tumekuwa wajinga wawili kwenye nyumba moja. Haya, geuza, waya unalegea."

Waya ulipokwisha, wakaunganisha kidude cha kuchagulia mawimbi walichokitoa kwenye redio nyingine mbovu, kisha wakaipa redio yao ncha zote mbili za waya. Kelele zikaja vilevile. Sponji akavunjika moyo.

"Geuza fremu," mama alisema. "Polepole. Bado. Bado... umepita, rudi kidogo. Hapo! Usipumue!"

Mchakacho ukazama kama maji yanayoingia mchangani. Nyuma yake, mbali, kukasikika mlio mwembamba ukikatika na kuunganika. Midomo ya mama ikaanza kucheza.

Mkewe alitokea jikoni na chai, akasimama mlangoni. Hakuwahi kuwaona wawili hao wamekaribiana hivyo.

"Anasema nini, mama?" Sponji alinong'ona.

"Anamsalimu mwenzake. Anasema kwake mvua inanyesha tangu asubuhi. Anasema antena yake imeanguka, ameisimamisha tena." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuhangaika kuyafuta. "Anapiga taratibu, maskini. Nafikiri ni mzee kama mimi."

Mikono ya Sponji ilianza kufa ganzi. "Kesho nitaiwekea fremu mguu wa kusimamia, iwe inasimama yenyewe."

"Kesho, sawa," mama alisema, huku akisogea karibu zaidi na spika. "Leo nishikie tu, mwanangu. Huu mlio mfupi, halafu mrefu, umeusikia? Hiyo ni A."