Mashine Iliyokatazwa Kuoga

Kuna watu wanaozaliwa kuongoza mataifa, na kuna Bwana Clovis, aliyezaliwa kushika funguo. Ndiye intendant wa shule yetu ya bweni, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Buluo. Funguo zake zinaning'inia kiunoni kwa wingi hata tunamsikia kabla ya kumwona, jambo ambalo kwa wanafunzi ni msaada mkubwa. Anatunza chakula chetu, magodoro yetu, ng'ombe wa shule, na juu ya yote anatunza sura yake. Nitamtaja kwa heshima yote anayostahili, na nitajitahidi ionekane ni nyingi.

Mimi ni Mayimuna, mwaka wa mwisho, idara ya mifugo. Baba yangu, Papa Assani, anaendesha lori kati ya Kolwezi na Likasi. Sisi ni Waislamu, lakini alinileta kwenye shule ya Wapentekoste kwa sababu hakuona nyingine ya karibu inayofundisha kemia na ng'ombe kwa pamoja. Walimu wananifahamu vizuri. Mwaka jana mkurugenzi wa nidhamu alizunguka uwanja mzima na kengele ya mbuzi chini ya kiti cha baiskeli yake. Hakuna aliyeniona nikiifunga, lakini pia hakuna aliyetaja jina la mtu mwingine.

Muhula huu shule ilipata mashine ya kukamua, zawadi ya mwanafunzi wa zamani anayeishi Ubelgiji. Ina vikombe vinne vya chuma vyenye mipira ndani, vinavyovishwa kwenye chuchu za ng'ombe, na bomba refu linalopeleka maziwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Lakini kukamua ndiyo kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kujiosha. Ukimaliza, unatumbukiza vikombe ndani ya karai, unabonyeza kitufe kwenye sanduku lililofungwa ukutani, na sanduku lenyewe linavuta maji kutoka kwenye tangi la kuyapashia na kuyazungusha ndani ya bomba: kwanza ya vuguvugu, kufukuza maziwa yaliyobaki, halafu ya moto sana yenye sabuni, kuyeyusha mafuta, mara moja kwa juma yenye asidi, maana maji yetu yanatoka upande wa Kakontwe na yana chokaa ya kutosha kujengea nyumba, mwisho maji matupu. Sanduku halichoki, halisengenyi, wala halitembei na funguo. Nadhani hapo ndipo uadui ulipoanza.

Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila maombi. Hata friji ya jikoni iliwekewa mikono. Basi Jumapili moja tulikusanyika zizini, mbele ya Mama Georgette, préfète wetu, yaani mkuu wa shule, na Pasteur Eugène akaja na chupa ya mafuta ya mizeituni. Ni mzee mtaratibu. Alichovya kidole, akapaka kifuniko cha ndoo, akasema desturi ni mtu asipanguze mafuta hayo mpaka yakauke yenyewe. Kisha akaweka chupa chini na kuanza kuomba, na watu wote wakafumba macho.

Mimi naheshimu maombi ya wenzangu, lakini nyumbani tunaomba macho yakiwa wazi. Ndivyo nilivyomwona Bwana Clovis akichukua chupa, akiinua ncha ya bomba na kumimina humo mafuta yote mpaka tone la mwisho. Nadhani kidole kimoja cha baraka aliona ni ubahili. Kisha akafumba macho kwa nguvu kuliko watu wote, na sura yake ikawa ya mtu aliyejengea Mbingu chumba cha ziada.

Kesho yake alichomoa waya wa sanduku.

"Mafuta ya upako habasukulake," alitutangazia, mimi na Fidélie, jirani yangu wa dawati, tuliokuwa na zamu ya kukamua. "Kuyaosha na sabuni itafukuza baraka. Mutapanguza ku inje na kitambaa, ing'are. Basi, c'est tout."

"Na mu ndani, monsieur?" aliuliza Fidélie.

"Mu ndani muko baraka."

Kila mtu aliyewahi kuosha sufuria ya samaki anajua mafuta yanavyong'ang'ania yakikosa maji ya moto. Bwana Clovis hajawahi kuosha sufuria. Hata hivyo hakulizima tangi la kupashia maji, maana kupoteza ni dhambi. Tulikuwa mwezi wa sita, asubuhi tukioga maji yanayouma mifupa, na kila alfajiri beseni la maji yenye mvuke lilitoka zizini kwenda nyumbani kwa intendant. Alikuja kwenye ukaguzi aking'aa, mwenye amani, kama mkate.

Baada ya siku chache maziwa yalianza kunuka. Chai ya asubuhi ilikatika vipande ndani ya vikombe. Wanafunzi walikunywa hivyo hivyo, kwa kuwa mwanafunzi wa bweni hunywa chochote kilichotiwa sukari, na saa ya hesabu foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko foleni ya chakula. Tulipomweleza Bwana Clovis kwamba bomba linahitaji kuoshwa, alisema tunamfundisha kazi. Jumatano asubuhi alifungua kabati langu, akakuta nusu ya ndimu niliyokuwa nakamulia dagaa, akaibeba kwenye kitambaa cheupe mpaka ofisi ya préfète, mithili ya mtu aliyebeba bomu.

Niliitwa. Mama Georgette ana kipaji kikubwa cha kukubaliana na mtu aliyesema mwisho, na siku hiyo wa mwisho kusema hakuwa mimi.

"Mayimuna," alisema, "juu ya nini unatia ndimu mu maziwa ya benzako?"

"Sikutia, mama."

"Ya kengele pia ulisema hukufunga," alisema Bwana Clovis. "Mama Préfète, huyu mutoto hata siku ya maombi hakufunga macho. Bantu bote balifunga, yeye alikuwa anaangalia tu. Miye nilimuona."

"Mutu wa kufunga macho alimuona," nilisema.

"Unasikia kinywa?"

Mama Georgette alikisikia. Alisema ataniombea, kisha akamwita baba yangu kwa simu aje Ijumaa kunichukua pamoja na godoro langu. Mtihani wa Taifa ulikuwa umekaribia sana. Anayefukuzwa wakati huo haufanyi. Anarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine, na baba yangu hakuwa mtu wa kulipia mwaka uleule mara mbili. Angenioza kwa rafiki yake wa kwanza mwenye lori.

Fidélie alilia sana bwenini. Alipomaliza aliuliza kama godoro lazima liende.

"Mama Préfète alisema na godoro?"

"Alisema kwa simu. Na godoro."

"Basi utaniachia ndoo?"

Watu wanaokupenda huhuzunika kwa mpangilio.

Alhamisi nilirudi kwa préfète, safari hii nikihakikisha kwamba nitasema wa mwisho. Bwana Clovis alikuwa ameshasema yake na bado amesimama dirishani.

"Mama, kama ni miye ninaharibisha maziwa, nifunge mbali nayo," nilisema. "Leo magaribi tukamue ngombe moja. Chuchu mbili kwa mukono, mbili kwa mashine. Sufuria mbili, Fidélie asukule zote na mayi ya moto mbele yako. Uzifunge hapa mu ofisi, ufunguo ulale kwako. Kesho tuangalie."

"Ni mambo ya magie hayo, ya uchawi," alisema Bwana Clovis.

"Ni chuchu ine tu, monsieur."

Mama Georgette alitutazama kwa zamu. Mimi nilikuwa wa mwisho kusema, basi akakubali. Jioni ng'ombe alikamuliwa mbele ya macho yake, nusu kwa mikono ya Fidélie, nusu kwa mashine, na mimi nikiwa nimesimamishwa mlangoni mikono mgongoni kama mfungwa. Sufuria zikafunikwa na kufungiwa ofisini. Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni.

Ijumaa asubuhi alifungua mwenyewe. Maziwa ya mkono yalikuwa meupe, yametulia, yana malai juu. Ya mashine yalikuwa yameganda mabonge yenye maji ya kijani pembeni, na harufu yake ilimfanya préfète arudi hatua moja akashika pua kwa kikwembe.

Mtu mwingine angenyamaza. Bwana Clovis ana akili za mtu asiyejua lini anyamaze.

"Munaona?" alisema. "Shetani anapigaka kitu chenye kupakwa. Ile ya mukono hakuisumbua juu haina upako."

Nilimwona Mama Georgette akianza kutikisa kichwa kukubali. Baba yangu alikuwa tayari njiani. Nilisema haraka kwamba swali la upako lina mwenyewe, na mwenyewe anaishi nyuma ya kanisa, na itakuwa vibaya kumsemea.

Pasteur Eugène alikuja na kandambili zake, akanusa sufuria moja, akanusa ya pili, akaomba tumpeleke zizini. Huko alisema tufungue bomba. Fidélie alivuta mpira kutoka kwenye kikombe kimoja. Mpira ulikuwa umelainika na kuvimba, na ndani yake kulikuwa na utando wa manjano, mzito, wenye nywele za ng'ombe na mende mmoja aliyekufa akiwa amebarikiwa kabisa.

Mzee alitia kidole, akasugua mafuta kati ya vidole viwili.

"Miye nilipaka kifuniko," alisema. "Kidole kimoja. Nani alimwanga chupa mu bomba?"

Ng'ombe walitafuna. Funguo za Bwana Clovis, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hazikulia.

"Ni monsieur Clovis, pasteur," nilisema. "Wakati wa maombi. Alimwanga yote."

"Anasema bongo, ni muongo," alisema Bwana Clovis. "Bantu bote balifunga macho. Angeniona namna gani?"

"Juzi mu ofisi ulimwambia Mama Préfète kama miye sikufunga."

Mama Georgette alimgeukia. Nakiri ulikuwa mwendo wa polepole sana, lakini alifika.

"Ulisema vile, Clovis," alisema. "Ulisema alikuwa anaangalia."

"Nilitaka baraka ifike mpaka kwa ngombe," alisema Bwana Clovis. "Ilikuwa kwa mapendo."

"Na kuisukula, pasteur?" aliuliza préfète. "Ni dhambi?"

"Miye mwenyewe balinipaka mafuta siku ya kuwekewa mikono," alisema mzee, "na kila siku ninaoga. Rudisheni ile waya."

Waya ulirudishwa. Sanduku liliwasha taa yake ndogo na kuvuta maji, na maji hayakuwa ya moto. Tangi lilikuwa limetoa beseni lake la alfajiri. Mama Georgette aligusa bomba la tangi, akatazama mashavu yanayong'aa ya intendant wake, akaelewa jambo la pili kwa asubuhi moja, ambalo kwake ni kazi nyingi. Alimwonyesha tu mbabula iliyokuwa kwenye kona, na Bwana Clovis akachuchumaa katika shati lake jeupe, akaanza kupuliza makaa ya kuchemsha maji ya kutosha bomba zima. Majivu yalimrukia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi isiyohitaji ufunguo, nami nilitazama kwa unyenyekevu wote nilioweza kukusanya.

Mzunguko wa kwanza ulitoa maji ya kijivu yenye nyuzinyuzi. Wa pili ulitoa uvundo. Wa tatu maji yalikuwa ya sabuni tu. Mipira iliyovimba tuliivua tukaweka mipya iliyokuja na mashine, ile ambayo intendant alikuwa ameifungia kabatini ili isizeeke.

Tukiwa bado tunakausha vikombe, lori liliunguruma langoni. Baba alishuka akiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, amevaa kofia yake ya Ijumaa, na kamba begani: ya kufungia godoro. Mama Georgette hakuwa amesema kwamba nabaki.

"Mama Préfète, jambo," alisema baba. "Nilikuja kumuchukua."

Ofisa wa elimu akikosea, hakosei. Mama Georgette alikunja mikono juu ya tumbo, akatabasamu.

"Kumuchukua? Hapana, Papa Assani. Tulikuita uone mashine yetu. Mutoto wako njo ataangalia kuisukula kwake, asubuhi na magaribi, mpaka mutihani iishe."

Baba alitazama mashine. Alikuwa ameendesha kutoka Kolwezi usiku kucha kuja kuona bomba. Aliitazama kwa muda wa adabu, akasema inang'aa, kisha akanivuta pembeni mpaka kwenye gurudumu la lori.

"Ulifanya nini?"

"Hakuna, papa."

"Mayimuna."

"Mara hii hakuna kabisa."

Alinichunguza usoni kama anavyochunguza tairi kabla ya kupanda mlima. Kisha akairudisha kamba ndani ya lori, akaniambia kengele ya darasa imelia zamani na yeye hakunilipia nisimame barabarani. Nilikimbia. Lilikuwa somo la kemia, na nilichelewa, na mwalimu akanipa adhabu.